Namna ya Kubonyeza Masikio kwa Mujibu wa Tiba ya Asili ya Kichina

Mtu anayejifunza kubonyeza masikio kwa kukariri mchoro pekee hukosea zaidi kuliko yule anayejifunza kutafuta kwa mkono mahali panapouma. Michoro inayosambazwa huonyesha nukta, yaani sehemu ndogo za sikio zinazohusishwa na viungo vya mwili, kwa usahihi wa milimita, ilhali masikio ya watu hayafanani, na hata masikio mawili ya mtu mmoja huweza kutofautiana kwa umbo na ukubwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatanguliza sikio lenyewe, kisha namna ya kutafuta nukta na kuibonyeza, na orodha ya maradhi inakuja baadaye, kwa kuwa orodha hiyo haina faida kwa mtu ambaye mkono wake haujazoea kazi.

Vitabu vya kale vya Kichina, kikiwemo Huangdi Neijing, hulitaja sikio kuwa mahali zinapokutana njia za qi, yaani nguvu ya uhai inayozunguka mwilini. Hata hivyo, mchoro tunaouona leo si wa kale. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa mji wa Lyon nchini Ufaransa, Paul Nogier, aliona wagonjwa wenye kovu dogo sehemu ileile ya sikio, ambao walikuwa wamechomwa kwa chuma cha moto ili kutibiwa maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni. Kutokana na makovu hayo Nogier alipendekeza kwamba sikio hubeba taswira ya mtoto aliye tumboni, kichwa kikiwa chini kwenye ndewe na miguu ikiwa juu. Kazi yake ilichapishwa Ujerumani mwaka 1957, habari zake zikafika China mwaka 1958, na kundi la watafiti wa jeshi mjini Nanjing likaupima mchoro huo kwa wagonjwa. Wachina waliongeza nukta zao wenyewe kwa kufuata nadharia yao ya ini, figo, wengu na viungo vingine, hadi kiwango cha taifa cha mwaka 2008 kikaorodhesha nukta 93. Nanjing, kwa taarifa, ndiyo makao makuu ya mkoa wa Jiangsu, ambao tangu mwaka 1964 umekuwa ukipeleka timu za madaktari Zanzibar.

Historia hiyo ina faida ya vitendo. Msomaji akikuta michoro miwili isiyokubaliana, mara nyingi mmoja ni wa Kifaransa na mwingine ni wa Kichina: goti, kwa mfano, Nogier aliliweka ndani ya kibonde cha pembetatu kilicho juu ya sikio, na Wachina wameliweka kwenye tuta lililo juu ya kibonde hicho. Hapa tunafuata mpangilio wa Kichina.

Kiasi cha kutarajia

Sikio lina mishipa ya fahamu mingi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Kuna mishipa inayotoka shingoni, kuna tawi la mshipa unaohudumia uso, na ndani ya bakuli la sikio kuna tawi la mshipa wa vagasi, uleule unaoshuka hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Wapo watu wanaokohoa kila wanaposafisha masikio kwa pamba, na sababu ni tawi hilo. Watafiti wengi wa leo wanaliona kuwa ndilo linaloweza kueleza utulivu ambao watu huuhisi wanapobonyezwa sehemu hiyo.

Tafiti zilizofanywa kuhusu hofu kabla ya upasuaji, kukosa usingizi na maumivu sugu ya kiuno zimeonyesha nafuu ya kiasi, ingawa nyingi kati yake ni ndogo na si rahisi kumficha mgonjwa kama anabonyezwa nukta ya kweli au ya uongo. Zipo pia zilizokuja na jibu baya: jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, lililohusisha watu 620 wenye uraibu wa kokeini, halikuona kwamba sindano za sikioni zilishinda matibabu ya kulinganishia. Kwa maoni yangu nafasi ya haki ya kubonyeza masikio ni kuwa msaada wa pembeni kwa kero zinazojulikana chanzo chake. Haitibu malaria, haiui vijidudu, haishushi sukari, na mtu anayetumia dawa za presha au kisukari asipunguze hata kidonge kimoja kwa sababu amebandika sikioni mbegu, yaani punje ndogo zinazoshikiliwa na plasta ili kubonyeza nukta.

Nani asifanye

Mjamzito asibonyeze nukta za uzazi, nyonga na homoni, na ni salama zaidi aache kabisa mpaka azungumze na mkunga au daktari wake. Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa aliyewahi kupoteza mimba. Mwenye kidonda, ukurutu, jipu au uvimbe sikioni asubiri ngozi ipone. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, abonyeze kwa kidole pekee bila kubandika kitu, kwa sababu mchubuko mdogo kwake huweza kuwa mkubwa. Anayeguswa vibaya na gundi ya plasta naye atumie kidole.

Jambo moja linatuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi. Sikio ni mojawapo ya sehemu ambazo makovu ya keloidi hupenda kuota, kama wanavyojua waliotoga masikio na kuishia na uvimbe mgumu. Mbegu hazitobowi ngozi, na hilo ndilo linalozifanya zifae nyumbani. Lakini vijisindano vidogo vinavyoachwa sikioni kwa siku kadhaa hutoboa, na gegedu la sikio likipata maambukizi huchukua muda mrefu kupona na huweza kuliharibu umbo sikio. Vijisindano hivyo viachiwe mtaalamu aliyesajiliwa, na mwenye historia ya keloidi avikatae hata kwa mtaalamu.

Hatua ya kwanza: kulijua sikio

Kaa mbele ya kioo mahali penye mwanga, au umwombe mtu akupige picha ya sikio kwa simu, kisha ufuate maelezo haya kwa ncha ya kidole.

Ukingo wa nje wa sikio huanzia ndani, juu kidogo ya tundu, kama kigongo kifupi kinacholala. Tukiite mzizi wa ukingo. Kigongo hicho hugawa bakuli la sikio katika sehemu mbili: bakuli la juu, ambalo ni jembamba, na bakuli la chini, ambalo ni pana na ndilo linaloingia kwenye tundu. Nyuma ya bakuli pameinuka tuta linalokwenda sambamba na ukingo. Tuta hilo likifika juu hupasuka matawi mawili, la juu na la chini, na kati ya matawi hayo pana kibonde cha pembetatu. Kati ya tuta na ukingo upo mtaro mwembamba. Mbele ya tundu kuna kinundu kinachoweza kuliziba tundu ukikisukuma. Mkabala wake, upande wa nyuma, kuna kinundu cha pili kidogo zaidi, na kati ya vinundu hivyo viwili pana pengo. Chini ya vyote ipo ndewe, isiyo na gegedu.

Ukishayajua maeneo hayo, mgawanyo ni mwepesi kukumbuka. Ndewe ni uso, meno, macho na taya. Kinundu cha nyuma ni kichwa: upande wake wa mbele ni paji la uso, katikati ni kipaji cha pembeni, yaani upande wa kichwa kati ya jicho na sikio, na upande wake wa nyuma ni kisogo. Tuta ni uti wa mgongo, shingo ikiwa chini na kiuno ikiwa juu. Tawi lake la juu ni mguu, la chini ni matako na mshipa mkubwa unaoshuka mguuni. Mtaro ni mkono, bega likiwa chini na vidole vikiwa juu. Bakuli la chini ni kifua, moyo ukiwa katikati penye kina kirefu zaidi na mapafu yakiuzunguka; bakuli la juu ni tumbo, figo na ini. Tumbo lenyewe, yaani mfuko wa chakula, liko pale mzizi wa ukingo unapokomea.

Nukta inayotumiwa kuliko zote ni Shen Men. Ipo ndani ya kibonde cha pembetatu, katika theluthi ya nyuma, upande wa juu, karibu na pale matawi ya tuta yanapoachana. Huhusishwa na utulivu wa moyo na akili na kupunguza maumivu, na karibu kila mchanganyiko utakaoutaja utaikuta ndani yake.

Hatua ya pili: maandalizi

Vua hereni. Osha mikono kwa sabuni, kata kucha, futa sikio kwa pamba yenye spiriti na usubiri likauke kabisa, kwa maana plasta haishiki kwenye ngozi yenye mafuta au unyevu. Vifaa ni vichache: kijiti chenye ncha butu, kama vile upande wa nyuma wa njiti ya kiberiti au kalamu iliyokwisha wino, na kibano cha nyusi. Kama utabandika, utahitaji mbegu za wangbuliuxing, ambazo ni nyeusi, za mviringo na zenye upana wa takriban milimita 2. Huuzwa zikiwa tayari juu ya vipande vidogo vya plasta. Penye kuuza hizo mbegu huuzwa pia punje za chuma na za sumaku. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asitumie sumaku.

Hatua ya tatu: kutafuta

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huharakisha. Shikilia sikio kwa mkono mmoja kutoka nyuma ili lisiyumbe. Kwa mkono wa pili weka ncha ya kijiti kwenye eneo la kiungo kinachosumbua, usikadirie nukta moja bali eneo zima, na ubonyeze kwa nguvu ndogo iliyo sawa, ukisogea kidogokidogo, kila mahali kwa muda wa pumzi moja. Nguvu isibadilike. Ukibonyeza kwa nguvu hapa na kwa upole pale, kila mahali ulipozidisha patauma na hutajua kitu.

Unachotafuta ni mahali ambapo maumivu yanatofautiana waziwazi na ya jirani yake: mtu hukunja uso, hufumba jicho au hujivuta bila kukusudia. Ukiondoa kijiti, alama ndogo ya shimo hubaki kwa muda, nayo hukuonyesha pa kubandika. Wataalamu wa Kichina huangalia pia ngozi kabla ya kugusa, wakitafuta wekundu, weupe, magamba au mshipa mdogo wa damu uliojitokeza. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo mkono utakusaidia zaidi kuliko jicho. Pima masikio yote mawili. Lililo upande wa maumivu mara nyingi ndilo linalojibu, ingawa si kila mara.

Eneo lote lisipouma popote, usilazimishe. Bonyeza Shen Men peke yake siku hiyo.

Hatua ya nne: kubonyeza na kubandika

Kwa kidole, weka ncha ya kidole cha shahada kwenye nukta na dole gumba nyuma ya sikio, ubane vikielekeana kwa sekunde chache, uachie, kisha urudie kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja kwa kila nukta. Maumivu yawe ya kuvumilika. Baada ya muda sikio hupata joto na uzito fulani, na hiyo ndiyo dalili ambayo waganga wa Kichina huitaka. Usisugue na usizungushe.

Kama unabandika, chukua plasta yenye mbegu kwa kibano, ilenge mbegu juu ya alama ya kijiti, ubonyeze kingo za plasta zishike. Nukta 3 hadi 5 kwa sikio moja zinatosha. Wapo wanaolijaza sikio mbegu kumi na zaidi. Sioni sababu yake, kwa kuwa mtu mwenye mbegu nyingi huzibonyeza zote haraka na vibaya, na mwenye mbegu tatu huzishughulikia. Bonyeza kila mbegu mara 3 hadi 5 kwa siku, kwa kubana na kuachia tu. Mbegu ikizungushwa chini ya plasta hukwangua ngozi, na kidonda hicho ndicho ajali ya kawaida kuliko zote katika kazi hii.

Kero za kawaida na nukta zake

Kukosa usingizi ndiko kunakofaa kuanza nako, kwa kuwa mtu hujua matokeo usiku uleule. Tumia Shen Men, moyo, kisogo, na sehemu ya ndani ya kinundu cha nyuma, ile inayotazama bakuli, ambayo huhusishwa na ubongo. Anayeamka kwa hasira na mawazo huongezewa ini, lililo ndani ya bakuli la juu, sehemu ya nyuma, upande wa chini. Ambaye tumbo limemjaa gesi huongezewa nukta ya tumbo. Bonyezo la mwisho lifanywe kitandani, taa ikiwa imezimwa, kwa nguvu ndogo kuliko za mchana. Chai na kahawa ya jioni zitashinda mbegu yoyote.

Kwa kichwa kinachouma, mahali pa maumivu ndipo panapoamua: maumivu ya mbele hutibiwa kwenye paji, ya upande, kikiwemo kipandauso, kwenye kipaji cha pembeni, na yanayotoka shingoni kwenye kisogo pamoja na sehemu ya chini ya tuta. Ongeza Shen Men. Kipandauso hujibu vizuri zaidi mtu akianza kubonyeza anapohisi dalili za mwanzo kuliko akisubiri hadi atapike.

Maumivu ya kiuno na mgongo yanastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu njia yake ni tofauti. Tafuta mahali panapouma kwenye theluthi ya juu ya tuta, chini kidogo ya pale linapopasuka. Kama maumivu yanashuka mguuni, tafuta pia kwenye tawi la chini. Ongeza figo, iliyo kwenye bakuli la juu chini ya mpasuko huo, na Shen Men. Mbegu zikishabanwa, mgonjwa asikae. Asimame na asogeze kiuno polepole, mbele, nyuma na pembeni, huku mtu mwingine au yeye mwenyewe akiendelea kubana. Mwendo na kubana vikifanywa pamoja ndipo watu wengi husema wamepata unafuu, na hata kama sehemu ya unafuu huo inatokana na mwendo wenyewe, hakuna hasara. Shingo iliyokakamaa hutendewa vivyo hivyo kwa kutumia sehemu ya chini ya tuta.

Choo kigumu hutumia utumbo mpana, ulio sehemu ya mbele ya bakuli la juu, juu tu ya mzizi wa ukingo, pamoja na mapafu, ambayo kwa nadharia ya Kichina ni mwenza wa utumbo mpana, na wengu, ulio ndani ya bakuli la chini, sehemu ya nyuma, upande wa juu. Bonyeza asubuhi baada ya kunywa maji, kisha ukae chooni kwa wakati uleule kila siku. Bila maji na mboga usitarajie mengi.

Kichefuchefu hutaka nukta ya tumbo. Kwikwi hutaka mzizi wa ukingo wenyewe, ambao huwakilisha kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na kubana huku umeshikilia pumzi mara nyingi hutosha.

Maumivu ya hedhi hutendewa mapema. Anza siku 3 hadi 5 kabla ya hedhi, kwa nukta ya uzazi iliyo ndani ya kibonde cha pembetatu, sehemu ya mbele, nukta ya homoni iliyo ndani ya pengo kati ya vinundu viwili, Shen Men na ini. Anayesubiri hadi maumivu yapande atapata kidogo. Kama kuna uwezekano wowote wa mimba, pima kwanza.

Kwa jino linalouma ipo nukta kwenye ndewe, lakini kazi yake ni kukusaidia ufike kwa daktari wa meno.

Wakati wa kuacha na kwenda hospitali

Maumivu ya kichwa yaliyoanza ghafla na kwa ukali usiowahi kuuona, kichwa chenye homa na shingo ngumu, mdomo kupinda au mkono kulegea, maumivu ya kifua yanayokwenda begani au tayani, tumbo linalouma na kukakamaa, choo chenye damu, mgongo unaouma pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au ganzi katikati ya mapaja: yote hayo ni ya hospitali, saa ileile. Homa katika maeneo yetu hupimwa malaria kabla ya kitu kingine chochote.

Muda, kuondoa na kupumzika

Katika baridi mbegu huweza kukaa siku 3 hadi 5. Katika joto la pwani, ambako jasho hulegeza plasta na ngozi huanza kuwasha, ziondoe baada ya siku 2 au 3. Oga kama kawaida ila usisugue sikio, na ulikaushe kwa kulipapasa na taulo. Panapowasha sana, pakitoa majimaji au kuvimba, ondoa mara moja hata kama ni siku ya kwanza. Sikio likiendelea kuwa la moto na kuuma baada ya hapo, nenda kituo cha afya.

Kuondoa, inua kona moja ya plasta kwa kibano na uivute taratibu, huku ukihesabu mbegu ulizobandika na ulizotoa, kwa sababu iliyodondoka huweza kuingia kwenye tundu la sikio. Ikiingia usiichokonoe. Kwa mtoto mdogo usibandike kabisa, kwani ataichomoa na kuiweka puani au mdomoni. Kwake kidole cha mzazi kinatosha, kwa upole na kwa muda mfupi. Futa sikio, liache lipumzike siku moja au mbili, kisha uhamie sikio la pili. Mizunguko minne ikipita bila mabadiliko yoyote, acha nukta hizo na umweleze daktari kero yako upya, tangu mwanzo.